Surf ya 1997 na oili ya giaboksi: wekundu pekee hautoshi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux Surf ya 1997, KZN185, injini 1KZ-TE, gia otomatiki. Nimeinunua mwaka jana ikiwa na kilomita 290,000, na aliyeniuzia hakumbuki oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Nakaa Makambako, navuta tela dogo la parachichi na viazi, na mara mbili kwa mwezi nateremka mlima wa Kitonga hadi Morogoro na kurudi. Asubuhi nikiweka D, gari linakaa kama sekunde tatu ndipo lishike. Likishapata moto halina shida. Oili kwenye stiki ni ya kahawia. Duka la kwanza wana ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, nyekundu ya kupima kutoka kwenye pipa. La pili wananishauri Toyota WS, wanasema ndiyo mpya na bora. La tatu wana Dexron VI. Fundi wangu naye anasema nisiiguse, gari la umri huu ukibadili oili giaboksi inakufa. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vema kuuliza kabla hujatoa hela, kwa sababu kati ya oili tatu ulizotajiwa, moja inaweza kukuulia giaboksi ndani ya safari chache, moja itakusumbua polepole, na moja ingevumilika. Ile unayoihitaji hasa haimo katika hizo tatu.

Gari lako linataka oili ya daraja la Dexron III, ya kampuni inayoeleweka, katika kopo au galoni iliyofungwa kiwandani. Na ibadilishe. Fundi wako ana sababu ya kusema alichosema, nami nitamjibu huko mbele, lakini oili ya kahawia yenye historia isiyojulikana haibaki ndani ya giaboksi inayopanda Kitonga na tela.

Anza na stiki. Nasema ya giaboksi, ile iliyo nyuma zaidi upande wa kabini, usiichanganye na ya injini. Ichomoe, ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha igeuze pembeni mwa mwanga wa jua mpaka maandishi yaonekane. Toyota za miaka hiyo walikuwa wanayachonga palepale kwenye bati la stiki, herufi ndogo, mara nyingi zimejaa uchafu: utakuta D-II au DEXRON III. Hiyo ndiyo amri ya waliotengeneza giaboksi, nami naiamini kuliko duka lolote, kuliko fundi yeyote, na kuliko mimi mwenyewe. Ukikuta pameandikwa T-IV, oili nyingine ya Toyota, simama kwanza. Maana yake huenda giaboksi iliyomo ndani si iliyokuja na gari. Imetoka kwenye gari la miaka ya baadaye, na huku kwetu jambo hilo ni la kawaida sana. Kinyume chake pia hutokea: giaboksi imebadilishwa lakini stiki ya zamani imebaki. Kwa hiyo mpigie aliyekuuzia, umuulize swali moja tu: giaboksi hii iliwahi kushushwa? Ukishindwa kabisa kumpata, stiki ndiyo ushahidi wako.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza jina la oili namna hii, kwa sababu ukilielewa hili hutahangaika tena na maneno ya madukani.

Wengi wanadhani oili ya giaboksi kazi yake ni kulainisha vyuma visisagane. Hiyo ni kazi yake mojawapo, wala si kubwa. Ndani ya otomatiki oili ndiyo inayobeba nguvu ya injini kupitia torki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Ndiyo inayosukuma pistoni za klachi, na ndiyo inayochukua joto kulipeleka kwenye rejeta. Juu ya yote hayo, iko katikati ya pleti za klachi wakati zinashikana. Hapo ndipo penye siri. Pakiti ya klachi ina pleti za chuma kitupu na pleti zenye kitambaa cha msuguano, kilichotengenezwa kwa nyuzi kama karatasi ngumu na kugandishwa kwa gundi. Vyote vinaogelea kwenye oili. Gia inapobadilika, pleti zinabanwa, na kwa sehemu ya sekunde zinateleza kabla ya kushika. Zishike haraka kiasi gani, na kwa ulaini gani, hilo huamuliwa na viungo vilivyotiwa ndani ya oili. Chukua viganja vyako ukavisugue vikiwa vikavu, kisha vipake sabuni ya maji uvisugue tena. Viganja ni vilevile, lakini mshiko umebadilika kabisa. Aliyeunda giaboksi yako alipima ukubwa wa pleti, nguvu ya springi na shinikizo la pampu akijua ni sabuni gani itakuwa kati ya viganja. Ukimbadilishia sabuni, hesabu yake yote inaharibika.

Ndiyo maana zamani kulikuwa na ATF za aina mbili zinazopingana kabisa. Ford walikuwa na Type F, isiyo na kiungo cha kulainisha mshiko, inayoshika kwa ghafla. Hata Toyota nyingi za miaka ya 1970 zilitumia Type F. General Motors wao walikwenda na njia ya ulaini: walianza na Type A mwaka 1949, wakaleta Dexron mwaka 1967, na kiungo chao cha kulainisha mshiko enzi hizo kilikuwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipopiga marufuku biashara ya nyangumi huyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia ilibidi watafute mbadala, na giaboksi nyingi za wakati huo ziliumia kabla mbadala mzuri haujapatikana. Kilichobadilika ni kiungo kimoja tu, oili ikabaki na wekundu wake, na giaboksi zikafa. Kisa hicho huwa nawasimulia vijana wangu pale gereji kila wanaponiambia ATF ni ATF.

Dexron III ilikuja mwaka 1993, na ndiyo iliyokuwa sokoni Surf yako ilipotoka kiwandani. General Motors waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya kuleta Dexron VI mwaka 2005. Hili lina maana kubwa kwako dukani. Kopo jipya lolote leo lililoandikwa Dexron III, au D-III, au "inafaa mahali pa Dexron III", hakuna aliyelikagua kwa niaba ya General Motors. Mwenye kiwanda ndiye anayejidhamini mwenyewe. Kampuni kubwa yenye jina la kulinda itatengeneza oili nzuri kwa kipimo kilekile cha zamani, na zipo kadhaa. Kampuni usiyowahi kuisikia inaweza kuandika jina lilelile juu ya chochote. Kwa hiyo kwa Dexron III jina la mtengenezaji lina uzito kuliko ilivyokuwa miaka 25 iliyopita.

Geuza kopo usome nyuma. Tafuta maneno D-III au Dexron IIIH, ambalo ndilo toleo la mwisho la daraja hilo. Ukikuta pia JASO 1A, ambacho ni kipimo cha Wajapani wenyewe, furahi. Lakini angalia vizuri isiwe 1A-LV. Hizo herufi mbili za mwisho maana yake ni oili nyepesi ya magari mapya. Wakikupa karatasi ya vipimo vya oili, au ukiipata kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta uzito wake, yaani jinsi inavyotiririka kwa uzito au wepesi, kwenye nyuzi 100. Unataka namba iliyo karibu na 7 sentistoki, hadi 7 na nusu. Iwe ya madini au ya sintetiki, yote ni sawa kwa gari lako. Kwa mtu anayevuta tela mimi ningeongeza hela nichukue ya sintetiki, kwa sababu inavumilia joto muda mrefu zaidi kabla ya kuungua.

Kwa namba hiyo ndipo utaelewa kwa nini WS haikufai. WS ni oili nzuri sana. Toyota waliileta mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa giaboksi mpya zenye kasi tano, sita na kuendelea, na wameifanya nyepesi makusudi ili injini itumie mafuta kidogo. Kwenye nyuzi 100 uzito wake ni kama 5 na nusu tu. Giaboksi yako ya kasi nne ina pampu na sili zilizopimwa kwa oili nzito kuliko hiyo, na sili hizo sasa zina umri wa mtu mzima mwenye kitambulisho cha kura. Oili nyepesi itapenya pembeni mwa sili zilizochakaa, shinikizo litashuka, pleti zitabanwa kwa ulegevu, zitateleza, zitapata joto, na joto litamaliza kazi. Toyota wenyewe hawaruhusu kuchanganya WS hata na T-IV, iliyoitangulia. Aliyekwambia ni mpya zaidi hakukudanganya. Ni mpya kweli, lakini imetengenezewa giaboksi nyingine.

Dexron VI ndiyo hiyo niliyosema ingevumilika. General Motors wanaikubali kwenye giaboksi zao zilizokuwa zikitumia Dexron III. Ni nyepesi kiasi, ikiwa mpya haizidi 6.4 kwenye nyuzi 100, ila ina sifa moja ya kuheshimiwa: haisagiki kirahisi. Dexron III inapozunguka kati ya meno na pampu, hupoteza uzito wake kadiri kilomita zinavyokwenda, wakati Dexron VI inakaa karibu na ilipoanzia. Kwa hiyo tofauti kati yao baada ya mwaka mmoja wa kazi ni ndogo kuliko inavyoonekana siku ya kwanza. Hata hivyo waliotoa ruhusa hiyo ni General Motors kwa giaboksi zao, na giaboksi yako ni ya Kijapani, ya zamani, na tayari inachelewa kushika. Mimi nisingeanza nayo. Ukikwama Mikumi usiku na duka lililo wazi lina Dexron VI tu, iongeze ufike nyumbani.

Na hiyo ya pipa usiiguse.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayoua magari mengi kuliko yote. Huku kwetu mafundi wengi ATF wanaiita haidroliki. Ukimtuma kijana dukani akaulize haidroliki, muuzaji asiyejua anaweza kumpimia oili ya haidroliki kweli, namba 68, ile ya jeki, ya tipa na ya katapila. Ni oili nzito, haina kiungo hata kimoja cha mshiko wa klachi, na gari linatembea nayo kwa siku kadhaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliwahi kushusha giaboksi ya Prado, injini hiyohiyo ya 1KZ, mwenye gari alikuwa ameongezewa "haidroliki" na fundi wa njiani safarini. Nilipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kilichomwagika kilikuwa na rangi ya asali ya nyuki wadogo, wekundu wenyewe umezama hauonekani, kina harufu ya kitu kilichoungua kwenye sufuria. Pleti za klachi nilizitoa moja moja. Kitambaa cha msuguano kilikuwa kinabanduka kwa ukucha wa kidole gumba, kama lebo ya chupa iliyolowekwa, na chini yake chuma kimegeuka buluu kwa joto. Mwenye gari alisimama pembeni akiangalia, hakusema neno. Alikuwa ameokoa bei ya lita mbili za oili.

Hata kama hiyo ya pipa ni ATF kweli, huna njia ya kujua ni ipi, imekaa wazi muda gani, imeingiwa na maji au la, na imechakachuliwa au la. Rangi haikwambii kitu. Wekundu ni rangi tu inayotiwa kiwandani ili mtu aitofautishe ATF na oili ya injini akiona tone chini ya gari. Dexron III ni nyekundu, WS ni nyekundu, na mchanganyiko wa ovyo uliotiwa rangi ni mwekundu vilevile. Nunua kopo lenye mfuniko ambao haujavunjwa pete yake, lifungue wewe mwenyewe, na ukishamaliza litoboe kopo tupu kabla ya kulitupa ili lisirudi sokoni na kitu kingine ndani.

Sasa fundi wako. Anachosema amekiona kwa macho yake, naamini hivyo. Gari linaletwa giaboksi inateleza, oili nyeusi. Fundi anamwaga, anaweka mpya, baada ya wiki giaboksi imekufa, na lawama inaenda kwa oili mpya. Ukweli ni kwamba giaboksi ile ilikuwa imeshakufa. Kitambaa cha pleti kilikuwa kimekwisha, na ungaunga wake uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ndio uliokuwa unasaidia kushika kidogo, kama mchanga kwenye tairi lililokwama matopeni. Oili mpya haikuua kitu, ila haikuweza kumfufua aliyekwenda. Swali lako basi ni moja: giaboksi yako iko upande gani? Dalili ulizonipa zinanipa matumaini. Ikishapata moto haina shida, na hukuniambia kwamba inateleza mlimani. Gari lenye pleti zilizokwisha lingekuonyesha Kitonga, likiwa la moto na lenye mzigo. Injini ingepiga kelele na gari lisingevuta.

Thibitisha hivi. Dondosha tone moja la oili ya stiki juu ya tishu nyeupe, liache robo saa. Likitanda na kuacha duara la kahawia au jekundu lililofifia, oili imechoka tu. Likibaki katikati doa jeusi lenye chembe, na tishu inanuka kama breki zilizoungua, hapo ongea na fundi wa giaboksi kabla ya kutumia hela kwenye oili. Na ukiona rangi ya waridi yenye utando, kama chai iliyotiwa maziwa mengi, zima gari usiliwashe tena. Hayo ni maji ya rejeta yameingia kwenye oili, kwa sababu oili ya giaboksi yako inapozwa kwenye bomba lililo ndani ya tanki la rejeta, na bomba hilo likitoboka vitu viwili vinachanganyikana. Maji yanayeyusha gundi ya pleti. Kwa injini ya 1KZ, ambayo kila fundi nchini anajua jinsi silinda hedi yake isivyopenda joto, rejeta ya zamani iliyokuwa ikitiwa maji ya bomba badala ya kuulanti ni hatari ya mara mbili. Ukiona kutu kwenye mfuniko wa rejeta, badilisha rejeta kabla ya kubadilisha oili.

Kazi yenyewe ukiifanya kwa utulivu haina ugumu. Tembeza gari kama dakika 15 oili ipate uvuguvugu, simama mahali tambarare, weka chombo chini, fungua boliti ya kumwagia iliyo kwenye sampu. Kitakachotoka ni sehemu tu ya oili, kwa sababu nyingi imebaki kwenye torki konveta, kwenye mabomba na kwenye vali bodi, ile sehemu yenye njia za oili zinazobadilisha gia. Pima ulichomwaga. Mimi natumia chupa za maji za lita moja na nusu nilizozichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, na hicho kilichotoka ndicho ninachorudisha, hata tone zaidi sirudishi mpaka nisome stiki. Endesha siku chache, kisha rudia. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba ndani kuna lita 10 na kila ukimwaga zinatoka mbili na nusu. Mara ya kwanza oili ya zamani inabaki robo tatu. Mara ya pili inabaki kidogo zaidi ya nusu. Mara ya nne imeshuka chini ya theluthi. Kwa giaboksi ya kilomita 290,000 mwendo huu ndio ninaoupenda, mara nne ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi. Wakikuambia wana mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo, waambie ahsante. Uchafu uliotulia kwenye pembe kwa miaka ukisukumwa kwa nguvu huenda kukaa kwenye vitundu vya vali bodi, ambavyo ni vyembamba kama tundu la sindano.

Katika mara ya kwanza au ya pili teremsha sampu yenyewe. Ndani yake kuna sumaku. Utazikuta zimevaa tope la kijivu, laini kama grisi; hilo ni la kawaida, zisafishe uzirudishe. Vipande vinavyong'aa, au vigamba vyeusi vya kitambaa, si vya kawaida. Badilisha filta na gasketi palepale, na boliti za sampu usizikaze kwa hasira. Ni ndogo, zinaingia kwenye aluminiamu, na uzi ukishachanika hapo utajuta.

Kusoma stiki nako kuna namna yake, na wengi wanakosea. Gari liwe limeshatembea vya kutosha, oili ni ya moto, gari tambarare, hendibreki juu, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia kutoka P hadi L taratibu, kaa sekunde chache kila moja, rudisha P. Injini bado inaunguruma, chomoa stiki, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COLD ni za kukusaidia wakati unajaza tu. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga inakuwa povu, na povu halibani klachi. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Yote mawili yanaleta kuchelewa kushika, na huenda hilo ndilo tatizo lako lote.

Tuzungumzie hizo sekunde tatu za asubuhi. Makambako Juni na Julai si mchezo, na oili iliyochoka ikipoa inakuwa nzito kama uji uliolala. Kabla hujabadilisha chochote, fanya majaribio mawili. Kesho asubuhi washa, liache kwenye P nusu dakika, ndipo uweke D. Likishika mara moja, kinachotokea ni kwamba oili ya torki konveta inashuka usiku na pampu inahitaji muda kuijaza. Unaweza kuishi nalo miaka. Keshokutwa anza na R badala ya D. Likishika R papo hapo lakini D ikachelewa, tatizo liko kwenye klachi ya mbele, ambayo inafanya kazi katika gia zote za kwenda mbele na haitumiki kwenye R. Sili za pistoni yake zimekakamaa. Hizo wakati mwingine hurudi kulainika kidogo kwa oili mpya yenye viungo vizima, na nimeona sekunde tatu zikawa moja. Wakati mwingine hazirudi. Dawa za chupa zinazouzwa kwamba zinaponya sili, sizitumii kwenye gari la mteja, kwa sababu zinavimbisha mpira leo na kuuozesha baadaye.

Baada ya hapo, adui yako ni joto. Mafundi wa giaboksi tuna kanuni yetu: ukivuka nyuzi 80 hivi, kila nyuzi 11 zinazoongezeka zinapunguza maisha ya oili kwa nusu. Sasa fikiria safari yako ya kurudi. Umesimama Ruaha Mbuyuni kwenye jua, umeongeza vitunguu kwenye tela, na papo hapo unaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la kontena linalotambaa. Ukiacha gia kwenye D na ovadraivu, yaani gia ya nne, imewashwa, giaboksi itahangaika kati ya tatu na nne, klachi ya torki konveta ifunge na kufungua, na kila mara oili inachemka. Zima ovadraivu kwa kitufe cha kwenye lever kabla ya kona za kwanza, taa ya O/D OFF iwake, na mlima ukikaza shusha hadi 2 ukae hapo. Kuteremka na parachichi fanya vivyo hivyo, injini ikushikilie, breki zipumzike. Ukifika juu usizime ghafla. Acha injini iungurume kwenye P dakika chache oili izunguke ipoe.

Kwa mvuta tela ningefunga pia kipoza oili cha nje, mbele ya rejeta ya eisii, oili ipite kwanza kwenye rejeta kisha humo. Gereji nzuri ya Iringa au Mbeya inaifanya kwa nusu siku. Ni hela, ila ni ndogo ukilinganisha na kushusha giaboksi. Na ukishamaliza mzunguko wa kubadilisha mara nne, mwaga na ujaze mara moja kila kilomita 40,000. Oili itakayobaki kwenye kopo itakufaa kuongezea stelingi, maana mfumo wa stelingi wa gari hilo nao unatumia daraja hilohilo.

Ukimwaga ya kwanza, niandikie mambo matatu: kilichochongwa kwenye stiki, kiasi kilichotoka kwenye sampu, na ulichokikuta kwenye sumaku.